Soka la madaraja ya chini mkoani Tanga

Soka la madaraja ya chini mkoani Tanga ni mashindano ya mpira wa miguu yanayochezwa chini ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara katika Jiji la Tanga na wilaya za mkoa huo, yaani Pangani, Muheza, Mkinga, Korogwe, Lushoto, Handeni na Kilindi. Yanaanzia viwanja vya vijiji kama Tongoni, kata ya uvuvi iliyoko kusini mwa mji kwenye barabara ya Pangani, na kufika hadi ligi za kitaifa zilizo chini ya Ligi Kuu. Mkoa huu ulitoa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, lakini mwaka 2016 ulipoteza timu zake zote tatu za Ligi Kuu katika msimu mmoja. Umbali kati ya matukio hayo mawili unaeleza mengi kuhusu namna soka la mikoani linavyoendeshwa nchini Tanzania.

Asili

Mpira wa miguu uliingia pwani hii kupitia shule za misheni, watumishi wa serikali za kikoloni na mabaharia. Wamisionari wa Kianglikana waliokuwa na shule Kiungani, Unguja, walikuwa na kituo kikubwa Magila karibu na Muheza, na wanafunzi walihama kati ya sehemu hizo mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na Tanga ikakua kwa mkonge. Reli ya kwenda Moshi, bandari na mashamba yaliyoizunguka miji ya Muheza na Korogwe vilileta wafanyakazi kutoka sehemu nyingi za Tanganyika na nje yake. Watu hao walihitaji burudani ya jioni na siku za mapumziko, na mpira haukuhitaji vifaa vingi.

Ushindani wa mitaa haukuanza na mpira. Katika miaka ya ukoloni ngoma ya beni iliwagawa watu wa Tanga katika makundi ya Marini na Arinoti, kila moja na sare zake na vyeo vyake. Baadaye mji ulikuwa na bendi za dansi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na katika taarabu Black Star na Lucky Star. Klabu mbili kubwa za mpira za mji, African Sports na Coastal Union, zilikua katika mazingira hayo hayo: mtu alizaliwa katika familia yenye upande wake, na kubadili upande lilikuwa jambo la kuulizwa maswali.

African Sports, inayoitwa "Wana Kimanumanu", ndiyo kongwe. Coastal Union iliundwa mwaka 1948 na mashabiki huiita "Wagosi wa Kaya". Mgosi ni neno la Kisambaa na Kibondei la kumtaja mwanamume kwa heshima, na kaya ni nyumbani. Jina hilo hilo lilichukuliwa baadaye na kundi la muziki wa kizazi kipya kutoka Tanga. Majina ya klabu za zama hizo yanaonyesha pia macho ya vijana yalikuwa wapi. Klabu ya Simba ya Dar es Salaam ilijulikana kama Sunderland hadi mwaka 1971, jina lililochukuliwa kutoka mji wa bandari na makaa ya mawe wa kaskazini mwa Uingereza, na kwa jina hilo ndiyo ilikuwa bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1965.

Ubingwa wa 1988

Tangu ligi ya taifa ilipoanza, ubingwa umekaa Dar es Salaam karibu miaka yote. Klabu za nje ya jiji hilo zilizowahi kuutwaa ni chache: Mseto ya Morogoro (1975), Tukuyu Stars ya Mbeya (1986), Coastal Union (1988) na Mtibwa Sugar (1999 na 2000). Tukuyu Stars na Coastal Union zilishinda wakati ambapo wachezaji wengi bado walibaki katika mikoa yao. Kiwanda, shirika la umma au halmashauri iliweza kumpa mchezaji ajira, na ajira ilikuwa na thamani kuliko posho ya klabu. Tanga ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa mji wa viwanda, vikiwemo vya saruji, chuma na mbolea.

Msingi huo ulibomoka polepole. Bei ya mkonge ilianguka kwa sababu ya nyuzi za viwandani, viwanda kadhaa vikafungwa au kupunguza watu, na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yakayaondolea mashirika ya umma uwezo wa kulea timu. Klabu za wanachama zikabaki na viingilio vya uwanjani na michango ya wafanyabiashara wa mji, ambao hujitokeza timu ikishinda na wakati mwingine hukaa kimya ikifungwa.

Msimu wa 2015/16

Coastal Union ilirudi Ligi Kuu mwaka 2011. Mwaka uliofuata ilipanda Mgambo JKT, timu ya kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa cha Kabuku wilayani Handeni, na mwaka 2015 ikapanda African Sports. Kwa hiyo msimu wa 2015/16, ligi ilipoongezwa kutoka timu 14 hadi 16, Tanga ilikuwa na timu tatu. Hakuna mkoa mwingine nje ya Dar es Salaam uliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kujivuna.

Msimu ulipoisha, timu tatu zilizoshuka daraja zilikuwa Mgambo JKT, African Sports na Coastal Union.

Kinachoshangaza ni kwamba Coastal Union haikuwa timu isiyojua mpira. Januari 2016 iliifunga Yanga, iliyokuwa bingwa, mabao 2-0 katika uwanja wa Mkwakwani. Aprili iliitoa Simba kwa mabao 2-1 jijini Dar es Salaam katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, mashindano yaliyokuwa yamefufuliwa msimu huo. Nusu fainali dhidi ya Yanga huko Mkwakwani ilivunjika katika muda wa nyongeza kwa sababu ya vurugu, na Yanga ikasonga mbele. Timu iliyoweza kuzifunga klabu mbili kubwa za nchi ilimaliza ya mwisho kwenye ligi. Mechi kubwa hujaza uwanja na kumpa kila mchezaji sababu ya kukimbia. Ligi huamuliwa na safari za Shinyanga, Mbeya na Songea, ambako timu hufika kwa basi baada ya kutwa nzima barabarani, na mishahara ikichelewa hali huonekana kwanza kwenye mechi hizo.

Msimu huo huo ulionyesha pia udhaifu wa daraja lililokuwa likizisubiri timu hizo. Katika kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, siku ya mwisho Geita Gold ilishinda 8-0 na Polisi Tabora ikashinda 7-0, zote zikitafuta nafasi ya kupanda kwa tofauti ya mabao. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) liliziadhibu timu hizo pamoja na wapinzani wao kwa upangaji wa matokeo, na Mbao ya Mwanza ikapanda badala yao. Mwaka mmoja baadaye Mbao ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Simba 2-1.

Muundo wa madaraja

Chini ya Ligi Kuu kuna Championship, ambayo hadi mwaka 2021 iliitwa Ligi Daraja la Kwanza, kisha First League iliyokuwa Ligi Daraja la Pili. Madaraja hayo husimamiwa na Bodi ya Ligi. Chini yake kuna Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, inayokutanisha mabingwa wa mikoa katika vituo vichache kwa majuma machache, halafu ligi ya mkoa inayoendeshwa na chama cha mpira cha mkoa, na ligi ya wilaya.

Hapa ndipo ulinganisho na kaskazini mwa Uingereza una maana. Huko, ligi ya Northern League ilianzishwa mwaka 1889 na Northern Premier League mwaka 1968. Kwa miaka mingi klabu za ligi hizo hazikuwa na njia ya uhakika ya kupanda, kwa sababu nafasi katika ligi kuu za kulipwa zilitolewa kwa kura. Kupanda moja kwa moja kutoka nje ya ligi hizo kulianza mwaka 1987 tu. Lakini klabu ndogo za kule zilikuwa na ligi ya kudumu, ya nyumbani na ugenini, msimu mzima, dhidi ya miji jirani. Kadiri daraja linavyoshuka ndivyo safari zinavyopungua. Shabiki anaweza kuifuata timu yake ugenini na kulala kwake.

Tanzania ina kinyume chake. Njia ya kupanda ipo wazi kwenye karatasi tangu wilayani hadi Ligi Kuu, lakini ngazi za katikati ni za gharama kubwa. Championship huchezwa na timu 16 katika jedwali moja la nchi nzima. Timu ya Tanga inayocheza humo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Songea au Mwanza, kwa mapato ambayo ni sehemu ndogo ya yale ya Ligi Kuu. Mkataba wa haki za televisheni uliosainiwa mwaka 2021 na Azam, wa Sh bilioni 225.6 kwa miaka kumi, ulikuwa wa Ligi Kuu. Ligi ya mkoa nayo ni fupi mno: timu hulipa ada ya ushiriki, hugharimia nauli na posho, na pengine humaliza mashindano yake yote ndani ya wiki chache. Baada ya hapo wachezaji hawana mechi rasmi hadi mwaka mwingine.

Ndondo

Pengo hilo hujazwa na mpira wa mchangani, unaoitwa ndondo. Ni mashindano yasiyo ya ligi rasmi, ya kata, kijiji au mdhamini mmoja, na zawadi yake huwa jezi, mipira, fedha, mbuzi au ng'ombe. Dar es Salaam ilipata Ndondo Cup inayotangazwa redioni na kwenye televisheni kuanzia mwaka 2014, lakini desturi yenyewe ni ya zamani na ipo kila mahali. Katika vijiji vya pwani kutoka Tongoni hadi Pangani, ambako vijana wengi ni wavuvi au wakulima wa minazi na mihogo, alasiri ya ndondo ndiyo mpira wanaouona kwa macho yao. Ligi nyingine wanaiona kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira.

Viongozi wa soka huilaumu ndondo kwa mamluki, yaani wachezaji wa timu za ligi wanaokodiwa kwa mechi moja, na kwa majeraha yanayotokea kwenye viwanja vibovu. Lawama hizo ni za kweli, ila kwa kijana wa daraja la tatu, mechi moja ya ndondo inaweza kumlipa kuliko msimu wote wa ligi ya mkoa. Vilevile wasaka vipaji hufika huko, kwa kuwa watazamaji wako huko.

Baada ya 2016

Coastal Union ilipanda tena mwaka 2018. Miaka miwili baadaye iliwauza au kuwapoteza wachezaji kadhaa kwa mkupuo: Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga, Ibrahim Ame Simba na Ayoub Lyanga Azam. Mwaka 2022, chini ya kocha Juma Mgunda, aliyekuwa mchezaji wa kikosi cha 1988, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha. Abdul Suleiman "Sopu" aliifungia mabao yote matatu katika sare ya 3-3 na Yanga, iliyoshinda kwa penalti 4-1. Muda mfupi baadaye Sopu alihamia Azam na Mgunda akachukuliwa na Simba.

Msimu wa 2023/24 Coastal Union ilimaliza nafasi ya nne, ikiongozwa na Mkenya David Ouma, na kushiriki Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Wakati huo Mgambo JKT na African Sports hazikuwa Ligi Kuu. Timu za mikoani zilizodumu katika daraja hilo kwa sehemu kubwa ni zile zenye taasisi nyuma yake: Kagera Sugar na Mtibwa Sugar zina viwanda, Tanzania Prisons na Mashujaa zina vyombo vya dola. Coastal Union ni ya wanachama. Kanuni za Baraza la Michezo la Taifa zinataka klabu za namna hiyo zinapoingia ubia wanachama wabaki na asilimia 51. Kanuni hiyo inamlinda mwanachama wa kawaida asiporwe klabu yake, lakini pia humfanya tajiri afikirie mara mbili kabla ya kuweka fedha mahali asipokuwa na kauli ya mwisho, hasa katika mji ambao chaguzi za klabu zina makundi.

Uwanja wa Mkwakwani

Mkwakwani, kama Kirumba wa Mwanza na viwanja vingine vingi vya mikoa, unamilikiwa na Chama cha Mapinduzi. Viwanja hivyo vilijengwa wakati wa chama kimoja kwa nguvu na michango ya wananchi wa mikoa, na viliendelea kuwa mali ya chama baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992. Klabu ni mpangaji tu. Mwaka 2023 Mkwakwani ulipewa fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga ikiifunga Azam 1-0, na Ngao ya Jamii ambayo Simba ilishinda kwa penalti dhidi ya Yanga. Msimu wa 2024/25 Coastal Union ilicheza mechi kadhaa za nyumbani nje ya mkoa, zikiwemo zile za Yanga na Simba zilizopelekwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mechi hizo mbili ndizo zenye viingilio vikubwa kuliko zote katika mwaka wa klabu ya mkoani, na shabiki wa Tongoni ambaye kwa kawaida angefika Mkwakwani kwa daladala alilazimika kupanda basi la zaidi ya kilomita 400 au kutazama kibandani.