Sarafu yenye kasoro si mali kila mara: mama zetu wanaliwa feza bure

Lubumbashi – Jirani yangu mmoja wa komine ya Katuba, mama mjane anayeuza makala, ametoa dola 40 kwa kijana aliyemwambia kwamba sarafu iliyoachwa na marehemu mume wake ina "kosa la kiwanda", na kwamba kuna mnunuzi wa Ulaya atakayelipa dola 3,000. Zile dola 40 zilikuwa "za uchunguzi". Tangu siku hiyo simu ya kijana haipatikani tena.

Mama aliniletea sarafu niitazame. Ni faranga 5 ya Katanga ya mwaka 1961, yenye ndizi upande mmoja na msalaba wetu wa shaba upande mwingine. Ukingo umebonyea, herufi tatu zimelala. Wandugu, hilo si kosa la kiwanda. Hiyo ni nyundo.

Ninaandika kwa sababu mama huyu si wa kwanza, na video za "sarafu yako inaweza kukutajirisha" zinazunguka kila siku kwenye simu zetu. Ni kweli kwamba sarafu zenye makosa ya kiwanda zinatafutwa na watu wanaozikusanya, na nyingine zina bei kubwa sana. Lakini kasoro ni za aina tatu, na wadanganyifu wanazichanganya makusudi.

Ya kwanza ni kosa la kweli. Sarafu inazaliwa pale kipande kitupu cha chuma kinapowekwa kati ya chapa mbili na kupigwa kwa nguvu. Kipande kikikaa vibaya, picha inaangukia pembeni na sehemu moja inabaki tupu. Kikiwa kimekatwa vibaya kabla ya kupigwa, sarafu inatoka na pengo kama mkate ulioumwa. Chapa ikimeguka, chuma kinajaa pale palipomeguka na kuacha kinundu kilichoinuka.

Ya pili ni kazi mbaya tu. Chapa iliyochoka inatoa simba asiye na manyoya na herufi zilizofifia. Mashine ikitikisika inaacha kivuli bapa kando ya namba, na watu wanapiga kelele: "imeandikwa mara mbili!" Sarafu kama hizo zilitoka kiwandani kwa maelfu. Mkusanyaji hatoi kitu cha ziada kwa ajili yake. Namba iliyoandikwa mara mbili kweli huonyesha maumbo mawili yaliyoinuka, na ncha za herufi zimegawanyika waziwazi.

Ya tatu ni majeraha ya maisha: moto, asidi, tupa, msumari, miaka 60 ndani ya udongo. Hapa thamani haipandi, inashuka.

Tena kuna vitu ambavyo si kasoro hata kidogo. Centime 5, 10 na 20 za mwanzo wa utawala wa Wabelgiji zina tundu katikati; zilitengenezwa hivyo. Faranga 2 ya tembo ya mwaka 1943 ina pembe sita, hakuna aliyeikata. Lakini tundu likiwa limekaa upande, au likikosekana kabisa, hapo mkusanyaji atainua kichwa.

Basi, ukishika sarafu, jiulize swali moja: ilizaliwa hivi, au iliumizwa baadaye? Sisi watu wa shaba hatuwezi kushindwa kulijibu, maana chuma hakisemi uongo. Mkwaruzo unasukuma chuma pembeni na kuacha kingo kali. Pengo la kiwandani mara nyingi linafanya ukingo ulio upande wa pili, mkabala nalo, utoke dhaifu. Pengo la tupa haligusi upande wa pili, na linaacha mistari ya tupa. Picha iliyogeuzwa na kuzama ndani inaweza kuwa kosa la ajabu, lakini inaweza pia kuwa sarafu mbili zilizobanwa pamoja kwenye etau ya fundi. Geuza: kama upande wa nyuma umelala bapa, ni etau.

Kisha pima. Mafundi wa dhahabu wana mizani ndogo; omba wapime sarafu yako pamoja na nyingine ya aina ileile iliyo nzima. Na chukua sumaku. Mwaka 1943 Marekani ilihitaji shaba kwa vita, ikapiga senti zake kwa chuma cha pua kilichopakwa zinki. Senti chache zilipigwa kwa bahati mbaya kwenye vipande vya shaba vilivyobaki, na moja iliuzwa mwaka 2019 kwa dola 204,000. Tangu zamani wajanja wanazipaka shaba zile za kawaida. Sumaku inawaumbua: ikishika, ni ya kawaida iliyovalishwa. Kiwanda cha Philadelphia kilichopiga senti hizo ndicho kilichopiga faranga 2 yetu ya tembo mwaka huohuo.

Mimi naona mambo matatu ni lazima. Kwanza, mnunuzi wa kweli ndiye anayetoa feza. Anayekuomba wewe umlipe ili "akuchunguzie" au "akuandikishe" ni mwizi, hata akivaa tai. Pili, vijana wanaorusha video hizo kwenye vikundi vya mtaa waache, maana mama aliyepoteza dola 40 amepoteza mtaji wa makala, na watoto wamelala njaa kwa ajili ya "like" zenu. Tatu, tusisugue sarafu za wazee kwa ndimu na mchanga ili zing'ae. Mwenye kuzijua hununua ngozi yake ya zamani. Ukiitoa umemtupia nusu ya bei.

Sarafu ya mama yule haitanunua nyumba. Nimemwambia aifunge kwenye kitambaa na awape wajukuu. Siku moja watauliza kwa nini Katanga iliwahi kuwa na feza yake, naye atakuwa na la kuwaeleza.