Kupona kansa si mwisho: moyo wa kijana nao unapaswa kulindwa



Tumezoea kupaza sauti juu ya usalama, maji na barabara. Leo tunasema juu ya wenzetu waliopona kansa wakiwa bado vijana. Wanarudi nyumbani, nywele zinaota tena, watu wanashukuru Mungu, na habari inaishia hapo. Lakini moyo wao uko na hatari ambayo wengi hawakuelezwa.

Kati ya dawa za kemo kuna moja nyekundu, doksorubisini. Inatibu limfoma, kansa ya matiti na zingine, na OMS imeiweka kwenye orodha ya dawa za lazima. Hatuikatai. Ila inaweza kudhoofisha musuli wa moyo, na kadiri doza zinavyojumlishwa, hatari nayo inapanda. Mionzi ya kifuani pia inaweza kuumiza moyo. Shida inaweza kutokea miaka mingi baadaye: kijana anakosa pumzi akipanda mlima, miguu inavimba, usiku akilala chali anakosa hewa. Mtaani watasema ni sumu ama ulozi.

Munganga anamwambia: punguza chumvi, usivute sigara, acha pombe kali, tembea, pima tansio. Ni shauri nzuri. OMS inasema mazoezi dakika 150 kwa wiki, na chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai.

Sasa tuulize. Atatembea wapi? Kivu ya Kaskazini ilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, tuliahidiwa usalama. Hadi leo mtu anaogopa kukimbia alfajiri. Atapunguza chumvi namna gani, kama makayabo ndiyo samaki anayoweza kununua? Atapima moyo wapi? Wako waliotibiwa Kampala, kwenye Uganda Cancer Institute, na familia ikauza shamba. Hawawezi kurudi kule kila mwaka.

Shauri bila musaada ni kumtwisha mugonjwa kosa. Katiba yetu, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya na usalama wa chakula. Haikuandika kwamba haki hiyo inaisha siku kemo inapoisha.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila anayemaliza matibabu apewe karatasi yenye majina ya dawa, jumla ya doza, na sehemu ya mwili iliyopigwa mionzi.

2. Kwenye kituo cha afya cha kartie, tansio yake ipimwe bure. Na ekografi ya moyo ipatikane hapa mjini kwa bei ambayo familia inaweza.

3. Meya alinde viwanja vya michezo. Visiuzwe vipande vipande.

Na sisi wenyewe? Wengi wetu tuko na diplome, kazi hatuna. Muda tuko nao. Tutatembea na wenzetu hawa, kwa mwendo wao, munganga akisha kuwaruhusu. Familia nazo: musimufungie ndani kama yai, wala musimutume kubeba mizigo mizito kabla moyo haujapimwa. Chumvi ipunguzwe kwa chungu chote, si kwa sahani yake peke yake.

Walipigana na kansa wakashinda. Tusikubali moyo uwaangushe tukiwa tunaangalia.

Imefanyika Butembo,
Vijana wa harakati ya wananchi