Megawati Pekee Hazitoshi



Natoa maoni yangu kuhusu umeme wa mikoa ya Kaskazini.

Mwezi Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa hii, wananchi wengi waliuliza: Je, Bwawa la Mwalimu Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lina kazi gani? Swali hilo ni la haki, lakini linahesabu megawati tu na kusahau safari ya umeme.

Umeme ukisafirishwa mbali, sehemu yake hupotea njiani na volteji hushuka. Ni kama bomba la mwisho wa kijiji: wote wakifungua maji kwa pamoja, yeye wa mwisho hupata matone hata kama tenki limejaa. Lakini umeme una hatari zaidi. Volteji ikishuka, mota nyingi huvuta mkondo mkubwa zaidi ili zimudu kazi ile ile. Mkondo ukizidi, volteji hushuka tena, na mwisho wake ni giza.

Jambo hilo lilitokea Tokyo, Japani, Julai 23, 1987. Siku hiyo joto lilikuwa kali, na baada ya mapumziko ya mchana watu waliwasha viyoyozi kwa wingi. Kapasita za kuinua volteji ziliwashwa zote, lakini mahitaji yalipanda kwa kasi kuliko msaada wake. Katika njia kuu za volti 500,000, volteji ilishuka hadi karibu volti 370,000. Vituo vikajizima, na watumiaji wapatao milioni 2.8 wakakosa umeme. Wajapani hawakuwa maskini wa mitambo. Walishindwa kushikilia volteji.

Kwa hiyo, kununua umeme nje si aibu, lakini peke yake si dawa. Njia ya kutoka Ethiopia hadi Suswa, Kenya, nayo ina urefu wa zaidi ya kilometa 1,000. Ukishafika kwetu, umeme huo bado utahitaji vituo imara.

Naishauri Serikali ifanye mambo mawili. Kwanza, ituambie ni vifaa gani vya kushikilia volteji vitawekwa katika vituo vya Kaskazini, na lini. Pili, gridi ikianguka kama ilivyotokea Aprili 1, 2024, wananchi tupewe taarifa kamili ya chanzo chake kwa Kiswahili chepesi. Neno "hitilafu" halimfundishi mtu kitu. Mashine ya kusaga inayoungua kijijini kwa umeme hafifu ni hasara ya mwananchi, naye ana haki ya kujua sababu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Same, Kilimanjaro.