Funguo Tatu, Hazina Moja

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mto Sebeya ulifurika na kusomba nyumba na mali za wananchi wa Rugerero, wilayani Rubavu. Faranga iliyowekwa benki haipotei kwa sababu kitabu cha akiba kimesombwa. Benki humtambua mwenyewe kwa kitambulisho chake. Sarafu ya kidijiti haimtambui mtu, bali hutambua ufunguo tu.

Ndiyo sababu baadhi ya vikundi hutumia pochi ya saini nyingi. Funguo tatu hugawiwa watu watatu, na fedha haitoki mpaka wawili watie saini. Mmoja akipoteza ufunguo wake, au akihamishiwa mbali, wawili waliosalia wanaweza kuiokoa mali.

Hata hivyo, wingi wa saini peke yake si ngao. Februari 2025, soko la Bybit liliibiwa mali ya dola bilioni 1.5 hivi, ingawa hazina yake ililindwa kwa saini nyingi. Wezi waliuchezea ukurasa waliousoma watia saini. Nao wakaidhinisha wasichokijua. FBI ya Marekani iliwataja Wakorea Kaskazini kuwa ndio waliohusika.

Kwa hiyo, waokoaji hawana budi kuzingatia mambo manne. Kwanza, funguo zisilale chini ya paa moja. Pili, kila mmoja ahifadhi pia nakala ya mpangilio wa pochi, yenye funguo za hadharani za wote watatu. Katika Bitcoin, bila hizo saini mbili huenda zisitoshe. Tatu, kila mtia saini asome kiasi na anwani katika chombo chake mwenyewe, na kiasi kidogo kitangulie kwa majaribio. Nne, ufunguo mmoja ukishapotea, mali yote ihamishiwe pochi mpya.

Tunawakumbusha pia ndugu zetu polisi: mlalamikaji afikapo kituoni, andikeni anwani ya pochi na namba ya muamala, kisha suala lifikishwe RIB. Maneno yake ya siri yasiandikwe kitabuni kamwe. Nasi askari tukumbuke kwamba anayeahidi kutuokolea mali, kisha akatuomba maneno hayo, hakuja kuokoa. Amekuja kuiba.