Kalamu Isiyo na Wino: Uchoraji wa Umbo la Mtu kwa Tabuleti Ukambani na Dhima ya Kiswahili

Si nadra kumsikia kijana wa Kitui au Makueni aliyeanza kujifunza kuchora kwa kompyuta akilalamika kwamba michoro yake haina uhai kwa kuwa kibao chake ni cha bei ya chini. Humwamini muuzaji anayemweleza kuwa kibao kikubwa zaidi kitamfanya mchoraji bora zaidi. Imani hii inastahili kuchunguzwa, na wanaopaswa kuichunguza si walimu wa sanaa peke yao. Makala haya yanashikilia kwamba pengo kubwa katika kujifunza sanaa hii Ukambani ni pengo la lugha: mwanafunzi hajapewa maneno ya kumwezesha kuutazama mwili wa mtu aishiye karibu naye. Ikiwa hivyo ndivyo, basi wapenzi wa Kiswahili wanayo kazi ambayo hadi sasa wameiachia wengine.

Kwanza yafaa chombo chenyewe kielezwe. Tabuleti ya kuchorea ni kibao bapa chenye kalamu isiyo na wino. Kibao hutambua mahali ilipo ncha ya kalamu pamoja na nguvu ya mkono unaoikandamiza, kisha kompyuta huzigeuza habari hizo kuwa mstari mwembamba au mnene, rangi hafifu au nzito. Wazo lenyewe si la jana. Mwaka wa 1963, Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu ya Sketchpad iliyomwezesha mtu kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Mwaka uliofuata, shirika la RAND likatoa kibao chake cha kuchorea. Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka wa 1983, ikazieneza kalamu zisizohitaji betri wala waya. Siku hizi kuna vibao vya bei nafuu zaidi, na programu kama vile Krita na GIMP hutolewa bila malipo. Ugumu wa mwanzo ni kwamba katika vibao visivyo na kioo mkono hutembea mezani ilhali jicho linatazama kwingine. Mazoezi ya majuma machache ya kuchora mistari na duara huuondoa ugumu huo. Kinachobaki baada ya hapo ni kazi ya jicho.

Ukambani si mgeni katika kazi hiyo. Barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui hupita Wamunyu, na jina la Wamunyu haliwezi kutengwa na la Mutisya Munge, ambaye alijifunza uchongaji alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporejea kwao, ufundi huo ulienea kijiji hadi kijiji, ukafika Nairobi na Mombasa, ambako ushirika wa wachongaji Wakamba uliundwa Changamwe. Hata kabla ya hapo, Wakamba walikuwa wakichora taswira juu ya vibuyu na kupamba vigoda vya wazee kwa nyaya za shaba. Katika uchoraji wa karatasini yuko Kivuthi Mbuno, mzaliwa wa Mwingi wa mwaka wa 1947, ambaye aliwahi kuwa mpishi katika misafara ya watalii. Kwa wino na kalamu za rangi alichora watu na wanyama wa nyika kwa mtindo usiofanana na wa mtu mwingine, na kazi zake zikaingia katika mkusanyo mashuhuri wa Jean Pigozzi. Mbuno hakuwa na chombo cha ajabu. Alikuwa na jicho lililotazama kwa muda mrefu.

Hata hivyo, historia ya uchongaji ina funzo jingine, nalo ni chungu. Soko la watalii lilipopanuka, wachongaji wengi walijikuta wakirudia sanamu zile zile: twiga yule yule, shujaa wa Kimaasai yule yule mwenye mkuki. Mkono ulizidi kuwa mwepesi, lakini jicho halikuulizwa tena lolote. Mchongaji aliweza kumaliza sanamu mia moja za shujaa bila hata mara moja kumchonga jirani yake. Hatari iyo hiyo sasa inamkabili mchoraji wa tabuleti, tena kwa kasi kubwa zaidi, maana kielelezo cha kuigwa hakitoki kwa fundi wa kijiji cha pili. Kinatoka ng'ambo, kimejaa watu wa kubuniwa wenye macho makubwa na viuno vyembamba, na kunakili kwake kunahitaji mguso mmoja tu.

Isitoshe, kuna tofauti ya kimsingi kati ya tezo na kalamu hii. Aliyeshika tezo anajua kwamba kipande kilichokatwa hakirudi, kwa hiyo huuzungusha mti, huutazama, na huamua umbo limelala wapi kabla ya pigo la kwanza. Aliyeshika kalamu ya tabuleti anayo amri ya kutengua. Amri hii ni neema, lakini humzoeza mwanafunzi kutupia mistari ovyo akitumaini kwamba mmoja utaangukia mahali pazuri. Mwalimu mwenye busara angemtaka mwanafunzi wake achore mikao ishirini, kila mmoja kwa dakika moja, bila kutengua hata mara moja. Zoezi hilo lingemfundisha mengi kuliko mwezi mzima wa kurekebisha picha moja.

Tuchukue mfano ulio wazi. Wakati wa kiangazi, mito ya msimu kama vile Tiva na Thua hukauka, na watu huchimba visima katika mchanga ili kupata maji. Ingawa punda na pikipiki zimepunguza taabu, bado wako wanawake wanaobeba mtungi mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Mwanafunzi aliyejifunza umbo la mtu kwa kunakili vielelezo atamchora mwanamke huyo akiwa amesimama wima, kisha ataubandika mtungi mgongoni. Picha itakuwa ya uongo, na kila mtazamaji wa Mutomo au Kibwezi atautambua uongo huo hata asipoweza kuueleza. Mtu asiye na mzigo, mstari wima unaoshuka kutoka kishimo cha koo huangukia kati ya nyayo zake, au juu ya unyayo uliobeba uzito. Mzigo ukiwa mgongoni, kiwiliwili hakina budi kuinama mbele ili uzito wote upate kutulia juu ya miguu. Shingo husukumana na ukanda, misuli yake husimama, na magoti hulegea kidogo. Yote hayo ni fizikia, lakini pia ni maisha ya watu. Mchoraji akikosea mwinamo huo, amemnyima mwanamke yule uzito wa kazi yake.

Suala la rangi ya ngozi linadhihirisha jambo hilo hilo. Mafunzo mengi yanayopatikana huanza na ngozi nyeupe kana kwamba ndiyo kanuni, na ngozi nyeusi huja mwishoni kama nyongeza. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huchagua rangi ya kahawia, huongeza nyeusi ili kupata kivuli na nyeupe ili kupata mwanga, na uso aliokusudia uwe hai unageuka kuwa wa majivu. Angetoka nje adhuhuri angeona mambo mengine. Ngozi nyeusi hupokea rangi ya vitu vinavyoizunguka. Paji la uso na kifundo cha bega huchukua ubuluu wa anga, na chini ya kidevu hupanda wekundu wa udongo. Kivuli chake huelekea kwenye wekundu wa damu au zambarau iliyokoza, na ni nadra kiwe cheusi kitupu. Tena, kwa kuwa Kitui na Makueni ziko karibu na Ikweta, jua la mwezi wa Machi na la Septemba hukaribia utosi adhuhuri, likazitia kiza tundu za macho na kuacha mng'ao puani na mashavuni. Mwanafunzi anayeyajua haya hahitaji kununua burashi maalumu za ngozi. Anahitaji kuambiwa atazame wapi.

Kuambiwa huko ndiko kunakotufikisha kwenye Kiswahili. Mafunzo yanayomfikia kijana huyu aghalabu huwa kwa Kiingereza, nayo maneno yake hujifunzwa kama majina ya vitufe. Anajua kitufe kiko wapi lakini hajui dhana iliyo nyuma yake. Lakini lugha yetu haikosi maneno. Tunalo *mkao*, litoshalo kutaja namna mwili ulivyojipanga kwa wakati mmoja. Tunalo *kiunzi*, ambalo fundi wa nyumba na wa chombo cha baharini wote hulielewa: mifupa ya kitu kabla ya kuvikwa. Tunalo *uwiano*, la kueleza kwamba mtu mzima huwa na urefu wa vichwa vyake saba au saba na nusu, ilhali mtoto wa miaka miwili au mitatu hukaribia vitano. *Tabaka* latosha kwa picha zinazolazwa moja juu ya nyingine, na *mng'ao* latosha kwa mahali mwanga unapopiga kwa nguvu. Anayesikia neno kiunzi hahitaji kufafanuliwa kwamba nguo za mtu huchorwa mwisho. Neno lenyewe limekwisha kumfundisha.

Wanaisimu wetu wanakumbuka mjadala kuhusu *tarakilishi*, *ngamizi* na *kompyuta*. Maneno mawili ya kwanza yalitungwa kwa ustadi, lakini la tatu ndilo lililoshika midomoni mwa watu. Wanakumbuka pia kwamba mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, hatua iliyothibitisha kwamba lugha hii yaweza kuubeba ulimwengu wa kompyuta. Funzo la matukio hayo mawili ni moja: istilahi hukomaa mahali kazi inapofanyika. Orodha iliyotungwa kwenye kongamano na kufungiwa kabatini haitamfaa mchoraji wa Wote au wa Kabati. Neno litakalomfaa ni lile alilolisikia kalamu ikiwa mkononi.

Pingamizi hazikosekani. Wako watakaouliza kwa nini iwe Kiswahili ilhali lugha ya nyumbani ni Kikamba. Hoja hii ina uzito, na jibu lake si kuchagua moja na kuitupa nyingine. Mwalimu na aanze na neno la Kikamba lililo karibu na mwili na kazi za nyumbani, kisha Kiswahili kilipokee na kulipeleka mbali, kama kilivyolipokea neno *kiondo* kutoka kwa wasusi wa bara. Wengine watasema kwamba programu za akili unde sasa huzalisha picha kwa kupewa maelezo tu, kwa hiyo kujifunza kuchora ni kupoteza wakati. Ukweli ni kinyume cha hayo. Programu hizo hurudisha kile kilicho kingi katika hifadhi zake, na mwanamke wa Thua mwenye ukanda pajini si mmoja wa walio wengi humo. Asiyeweza kuuona mwinamo wa mwili hataweza kuikosoa mashine inapoukosea.

Kinachohatarishwa hapa ni kikubwa kuliko burudani ya vijana wachache. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2019, umeipa sanaa nafasi yake, na vitabu vya hadithi kwa watoto vinahitajika kwa wingi. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hutoa hadithi zenye picha bila malipo, zikiwemo za Kiswahili na za Kikamba. Mlango uko wazi, lakini picha zitakazopita mlangoni humo zitachorwa na nani? Mtoto wa Ikutha anayefungua kitabu cha lugha yake na kukuta mtu asiyesimama kama mamaye wala asiye na rangi ya shangaziye hujifunza, kabla ya kujua kusoma, kwamba vitabu ni vya watu wengine.

Kwa hivyo inafaa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vichukue hatua tatu zisizohitaji fedha nyingi. Kwanza, viandae vikao vya kuchora mkao kwa Kiswahili, mchoraji na mwanaisimu wakiketi pamoja, iwe ni Kwa Vonza kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya au katika maktaba yoyote yenye umeme. Pili, maneno yatakayozuka katika vikao hivyo yanakiliwe jinsi yalivyotamkwa, yajaribiwe muhula mzima, ndipo yachapishwe. Tatu, wanafunzi wanaotunga hadithi katika kozi za fasihi wazikabidhi kwa wachoraji wa Kitui na Makueni badala ya kuziacha zikae katika majalada ya mitihani.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Vijana wa Ukambani hawajakosa kwao, wala hawajakosa cha kuchora. Wanawasubiri wenye lugha waje waketi nao, kalamu iwashwe, kisha waulizwe kwa Kiswahili chepesi: uzito wa mwili huu umelala wapi?