"Imeisha" siyo neno la aibu kwenye biashara

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo naongelea migahawa, ila somo ni la kila anayeuza kwa simu.

Kuna mgahawa ambao mwenye nao ndiye mpishi, na anapika kile kilichopo sokoni wiki hiyo. Hana menyu ya kurasa kumi. Ukiagiza kitu ambacho msimu wake umepita anakujibu, "Hicho kimeisha, leo kuna hiki." Wengi wanadhani ni mambo ya Wazungu. Kweli huko wamepata jina nalo: Alice Waters alifungua Chez Panisse kule Berkeley, Marekani, mwaka 1971, akajulikana kwa menyu inayobadilika kila siku kufuata mazao ya wakulima wa karibu. Lakini mama ntilie wetu anafanya hivyo miaka yote. Asubuhi anapita sokoni, anaangalia mboga gani ipo na kwa bei gani, hapo ndo anajua mchana anapika nini. Sufuria ikiisha imeisha, anaosha vyombo anaenda zake. Wateja hawamnunii. Kesho wanawahi.

Sasa tuje kwetu Lushoto. Huku milimani tuna karoti, kabichi, viazi, hoho, maharage, na matunda ya baridi kama pichi, peasi na plamsi. Plamsi zikikolea, kuanzia Krismasi hivi na kuendelea, zinamwagika kila kona na bei inaanguka. Msimu huohuo mimi nimekaa kwenye mgahawa mmoja, jina naliacha, nikaagiza juisi nikaletewa ya boksi. Nje ya mlango kina mama wanauza plamsi kwa sado!

Piga hesabu hapo nani kapata hasara. Mkulima kakosa mnunuzi wa jirani, anabaki kumsubiri dalali ampangie bei. Mgeni kapanda kona zote za Mombo hadi Soni hadi huku, kanywa kitu anachokipata dukani kwao Dar. Na mwenye mgahawa kanunua ghali kitu ambacho kila mtu anacho.

Walioelewa wapo. Irente Farm, kama kilomita 5 kutoka Lushoto mjini, ni shamba la Kanisa la Kilutheri. Mgeni akifika mchana anawekewa mkate wa hapohapo, jibini, jamu, mboga na juisi. Chakula cha kawaida kabisa, mbwembwe hamna. Lakini watu wanatembea kwa miguu kutoka mjini kwenda kukila, kwa sababu wanajua kimetoka pale.

Msimamo wangu ni huu: muuzaji mdogo anayeuza kwa msimu ana nguvu kuliko anayejifanya ana kila kitu mwaka mzima. Mimi nimeishia kidato cha nne, biashara nimejifunza dukani, na haya ndo nayaona yanafanya kazi:

1. Andika kilichopo leo. Status ya WhatsApp iwe kama ubao wa mama ntilie: kuna nini, kiasi gani, bei gani. Mambo ya "bei njoo inbox" achana nayo. Mtu akijua zimebaki sado sita, anaamua saa hiyohiyo.

2. Taja inapotoka. "Karoti fresh" kila mtu anaandika. "Karoti za Lushoto, zimevunwa jana" inamfanya mteja akuulize swali la pili. Ila iwe kweli. Ukiuza "plamsi za Lushoto" mwezi wa nane, wakati huku miti haina hata tunda, mteja anayepajua Lushoto anakuona tapeli, na atawaambia wenzake.

3. Kikiisha sema kimeisha, na sema kinarudi lini. Chukua majina ya wanaotaka. Msimu ukifunguka unaanza na hao, na unaenda kwa mkulima ukiwa na oda mkononi. Hapo mnaongea bei kama watu wawili wenye biashara. Wewe unajua utauza ngapi, na yeye anajua zipi zina mwenyewe kabla hazijaoza.

Najua swali linalokuja: "Msimu ukiisha nile nini?" Ni swali la haki, kodi ya fremu haina msimu. Jibu la kwanza, usiwe na zao moja. Plamsi zikiondoka, viazi na maharage vipo, panga kalenda yako ya mwaka mzima. Jibu la pili ni kusindika. Jamu ya Irente ndiyo hiyo, tunda la msimu linaliwa miezi ambayo mtini halipo. Ila jamu siyo ya kupika usiku na kubandika stika asubuhi. Nenda ofisi ya SIDO ya mkoa wako wakufundishe na wakuelekeze jinsi ya kupata alama ya ubora ya TBS. Bila hiyo, duka kubwa halitakupokea.

Wengine watasema mteja wa Tanzania anataka chipsi kuku tu, habari za msimu hana. Sikubali. Mtanzania huyohuyo anasubiri maembe ya Tanga, anaulizia machungwa ya Muheza, na akipita Mombo anasimamisha gari anunue matunda ya mlimani. Msimu anaujua vizuri. Sisi wauzaji ndo tunaona aibu kumwambia kwamba kitu kimeisha.

Kwa hiyo wiki hii fanya jambo moja. Pitia ukurasa wako, futa kila bidhaa ambayo huna, na ulizobakisha andika zinatoka wapi na zitakuwepo mpaka lini. Orodha itakuwa fupi, usiogope. Mama ntilie ana sufuria tatu tu, na foleni yake unaijua.