Mguu wa Mzee Ulirudi Kwao, Vichwa Je?

SEHEMU YA 1

Mama mwenzangu, na wewe baba kijana unayesoma kwa kuchungulia simu ya mkeo, leo siandiki habari za chanjo wala za mtoto kukataa ziwa. Mtanisamehe, wiki hii nina jambo lingine kooni.

Jumatano, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea. Alikutana na ukoo wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Maji Maji, akaomba msamaha. Nikaiweka habari hiyo hapa, nikaongeza maneno yangu mawili: "Na mafuvu yarudi." Jamani! Nilivyoshambuliwa! "Sista, wodini glavu zinakatika, wewe unalilia mafuvu ya miaka mia?" Mwingine kaniambia nimeanza ushirikina.

Swali la glavu si baya. Nitalijibu. Ila kwanza niwasimulie habari za mtu mmoja.

SEHEMU YA 2

Alikuwa daktari wa upasuaji. Simtaji jina, hakupenda kutajwa akiwa hai na familia yake haipendi hata sasa. Tulimzika Muheza, mvua za masika zikitunyeshea, na nusu ya watu waliokuwepo pale walikuwa na kovu la mkono wake. Wengi wenu mnamjua, na najua mtaanza kubahatisha kwenye maoni. Msifanye hivyo.

Nilipoanza kazi, hospitali niliyopangiwa siitaji, tulimkata mguu mzee mmoja wa Pangani. Kisukari, kidonda kimeoza, hakukuwa na namna nyingine. Nilikuwa mgeni, zamu imenielemea, sikuuliza ndugu chochote. Mguu ukaenda kuchomwa pamoja na taka za thieta. Asubuhi akaja mjukuu wake na shuka jeupe, limekunjwa vizuri, akasema: "Nimekuja kuchukua mguu wa babu tukauzike."

Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia huo ndio utaratibu.

Dokta aliposikia hakunifokea. Alinishika mkono hadi kwenye benchi alipokaa yule kijana, akakaa chini naye, akasema, "Tumekukosea. Tulikuwa na kitu chenu tukakitumia bila kuwauliza." Halafu akanigeukia, "Na wewe sema." Nikasema, huku nalia.

Tangu siku hiyo, kila mgonjwa wa kukatwa kiungo, ndugu wanaulizwa kabla: mnauchukua, au tuuhifadhi sisi? Wakiuchukua, alikuwa anaukabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili, umefungwa, una jina. Ndivyo tunavyofanya na wewe leba. Ukiniambia unataka kondo lako ukalifukie nyumbani kwenu, nakupa. Sikuulizi unaamini nini. Ni lako.

SEHEMU YA 3

Baba yake Dokta alikata mkonge kwenye shamba la Mgiriki. Mnajua Tanga yetu ilivyokuwa, Wagiriki walijaa mashambani. Huko ndiko alikosikia kwa mara ya kwanza kwamba Wagiriki wana mawe yao ya hekalu, yamechongwa sanamu, yalichukuliwa na bwana mkubwa wa Kiingereza anayeitwa Elgin zaidi ya miaka 200 iliyopita na hadi leo yako London. Wanayadai. Waziri wao mmoja, Melina Mercouri, aliyekuwa mcheza filamu, aliyadai mpaka dunia nzima ikamsikia.

Dokta alikuwa anasema hivi tukinywa chai usiku: "Wenzetu wanadai mawe na hakuna anayewacheka. Sisi tunadai vichwa vya watu, tunaambiwa tuna mambo ya kale."

Habari hii aliisoma hadi akaijua kama anavyojua tumbo la binadamu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba waliokuwa wakikusanya walikuwa madaktari. Felix von Luschan, aliyerundika maelfu ya mafuvu kule Berlin, alisomea udaktari. Aliwaagiza maofisa na waganga wa jeshi kwenye makoloni wamtumie. Mengine yalifukuliwa makaburini. Mengine ni ya watu walionyongwa. Na hadi mwaka 2011 mkusanyiko huo ulikuwa chini ya Charité. Charité si makumbusho, mama. Ni hospitali. Ina wodi, ina leba, ina manesi kama mimi.

Mwezi Septemba mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin inayoyashika sasa ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu kama 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Zaidi ya 900 ni ya Rwanda. Ya kwetu Tanzania ni 202. Machache yamepimwa vinasaba, wakapatikana ndugu walio hai huku Kilimanjaro, pamoja na ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mangi Meli mwenyewe alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Kichwa chake bado hakijapatikana. Ukoo unakitafuta kwa miaka mingi.

Dokta hakuyaona matokeo haya. Angelia, namjua.

(Yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, aliyesimamishwa Berlin, naye ni wetu na nitamdai siku nyingine. Ila mjusi hana mjukuu anayemngoja na shuka.)

SEHEMU YA 4

Sasa glavu.

Mnasema tuache mafuvu tudai glavu. Kwani nani kawaambia mdomo unadai kitu kimoja tu? Mimi glavu nadai kila mwezi kwa maandishi. Na gharama ya kurudisha mafuvu haiwezi kutoka kwenye fungu la wodi yangu. Alipe aliyechukua.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi, na hili linakuhusu wewe mwenye mimba ya miezi saba. Pwani hii bibi zetu walitutisha na mumiani. Usiende hospitali, watakunyonya damu. Kazini tunawacheka. Mimi mwenyewe nimewacheka. Halafu napokea mama kaletwa amechelewa, kwa sababu mama mkwe kasema hospitali wanachukua vitu vya watu. Mumiani ni uongo, na leba usikose kwenda, tafadhali. Ila usiniambie hofu ile haina mizizi, wakati kuna hospitali Ulaya iliyoweka vichwa vya babu zetu kwenye maboksi, vimeandikwa namba kwa wino. Waganga wa wakati ule waliharibu imani, na mimi ndiye ninayeilipia saa nane za usiku nikimbembeleza mama asaini fomu ya upasuaji.

Wengine mnauliza, yakirudi yatawekwa wapi, tutayatunza? Hakuna aliyesema yatunzwe. Wenyewe wataamua, wakitaka wazike. Kichwa cha Mkwawa kiko Kalenga tangu 1954 na wala hakijapotea. Kilipotea kilipokuwa kwao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwaagiza Wajerumani wakirudishe ndani ya miezi 6. Kikarudi baada ya miaka 35! Basi nikisikia tena maneno "mchakato" na "mazungumzo yanaendelea", mnielewe kwa nini shingo inanikaza.

Msamaha wa Songea nimeupokea, na niseme kweli, ulinigusa. Rais yule ameahidi watasaidia kutafuta na kurudisha. Lakini hata sisi siku ile benchini tuliomba msamaha, na kijana akakunja shuka lake akaondoka mikono mitupu, kwa sababu mguu wa babu yake tulishauchoma. Hatukuwa na cha kumpa. Wao wanacho. Kimepangwa kwenye rafu na namba zake.

Zamu yangu inaanza saa mbili usiku. Anayetaka kunitukana aendelee, nitasoma kesho asubuhi nikitoka. Na yule mama wa Chumbageni aliyeuliza kuhusu kitovu cha mtoto kutoa harufu: usingoje jibu langu hapa, mlete leo.